Ripoti Iliyosahihishwa

Mwalimu mstaafu Nakijwa aliifungua ripoti ya mwaka ya mfuko wa hisa za nje juu ya meza ya meneja, kisha akatoa mkobani kalamu yake nyekundu ya wino. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye mfuko huo.

"Hisa za nje zimepanda miaka sita mfululizo," alisema, akizungushia duara tarakimu moja. "Mfuko wenu umeshuka miaka minne kati ya hiyo. Lakini ada yenu mmekata kila mwaka. Mnalipwa kwa kazi gani, Elirehema?"

Meneja alilegeza tai. "Hisa zinataka subira, Mwalimu. Na wataalamu wetu huko nje ni ghali."

"Nina miaka sabini na moja. Hiyo subira niitoe wapi?"

Aliweka alama ya kosa, kisha nyingine. Alikuwa amemfundisha Elirehema hesabu darasa la tano, na aliikumbuka tabia yake ya kutazama viatu akikosa jibu.

"Na wewe, pesa zako umeweka humu?"

Elirehema akatazama viatu.

"Mimi nilinunua kiwanja, Mwalimu."

Elirehema akamsogezea fomu ya kujitoa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na ada ya kujitoa. Nakijwa aliisoma, akaweka ncha ya kalamu mahali pa sahihi, akaiacha hapo bila kuandika, na doa jekundu likaanza kutanuka taratibu kuelekea jina lake.