Mafundi wa Bi Kanga

Paa la Bi Kanga lilikuwa likivuja, naye ana vifaranga wachanga. Akampa kazi Mchwa na jamaa zake, lakini badala ya kuziba tundu wakatafuna boriti.

"Fundi, leseni yako iko wapi?" Kanga akauliza.

"Mama, anayesajili mafundi ni Kakakuona, na chakula chake ni sisi. Tukienda ofisini kwake, nani atarudi?"

Kanga hakumwonea huruma. Akaenda kumwita Kakakuona, naye akaja mbio, akawalamba mafundi wote.

"Sasa hapa hakuna fundi asiye na leseni," akasema, akijifuta mdomo.

"Na paa langu, mzee?"

"Paa si kazi ya ofisi yangu."

Mvua ikaanza kunyesha. Kanga, raia mwema aliyefuata sheria, akawafunika wanawe kwa mbawa.