Ngazi za Kuelekea Maegesho

Goti la Brodie lilikuwa limepasuliwa mara tatu, lakini asubuhi hiyo alifaulu vipimo vyote, na kocha aliamua kumwongezea msimu mmoja kwenye timu ya mpira wa kikapu ya mji wa Launceston, Australia.

"Goti vipi, mzee?"

"Goti zima, kocha. Wewe shughulika na kitambi chako."

Brodie alitoka akicheka. Kocha alisogea dirishani kufungua pazia, akamwona kwenye ngazi za kuelekea maegesho. Alikuwa akishuka kinyumenyume, mikono yote miwili imeshika kishikio. Aliteremsha mguu mmoja, akaufuatisha wa pili, akapumzika. Kisha kidato kingine.

Kocha alisubiri mpaka Brodie alipofika chini, ndipo akampigia simu mwenyekiti wa timu.

"Yule kijana wa Perth," aliuliza, "bado hajapata timu?"