Herufi za Mkakao

Za mwizi si arobaini. Huisha siku aliyeibiwa anapochoka. Tulinagwe alichoka asubuhi ya maonyesho ya chuo pale Kyela mjini, alipokuta herufi alizochonga mwenyewe, kwa mti wa mkakao wa shamba la bibi yake kule Makwale, zimewekewa kibao chenye jina la mwalimu wake wa usanifu.

"Panga 'Karibu Mgeni Rasmi'," mwalimu alimwamuru. "Na usininunie, binti. Cha mwanafunzi ni cha mwalimu wake."

"Ndaga, Mwalimu," Tulinagwe alishukuru, akainamia meza.

Herufi za kuchapia huchongwa kinyume, na hizi alikuwa amezitia mikia mirefu kama mizizi. Asiyezichonga angeziona kuni tu. Alipomaliza kuzipanga, akamwita mwalimu azikague.

Mwalimu akapitisha kidole juu ya kila herufi, taratibu, kama anayesoma. Kilikuwa kidole laini, hakina hata kovu moja la patasi.

"Safi," akasema kwa sauti, wageni wasikie. "Ndivyo nilivyozichonga."

Tulinagwe akazipaka wino. Mgeni rasmi akalaza karatasi juu ya herufi, akaikandamiza kwa viganja viwili, akaibandua na kuiinua juu watu waione.

NIMEIBA HERUFI HIZI.

Kicheko kilianzia kwa akina mama wauza mchele waliokaa nyuma, kikaja mbele kama mafuriko.

"Niombe radhi!" mwalimu alifoka. "Sasa hivi, mbele ya mgeni!"

Tulinagwe alikuwa anafuta wino kwenye kucha.

"Siombi."