Mfululizo Mmoja kwa Kila Ndoa

Watu wakioana, sheria huwaruhusu kubaki na mfululizo mmoja tu wa filamu. Mwingine hufutwa vichwani mwa wote wawili. Mimi nilikuja na Safari za Zohali. Mke wangu, Mwanakheri, alikuja na wake, ambao aliutazama wote pamoja na marehemu mama yake.

Tuliishindanisha mbele ya karani. Nilisema wangu una mwanzo na mwisho, adui ana sababu ya uadui wake, na aliyekufa hafufuki eti kwa kuwa watazamaji wamelia.

“Haya, malenga wangu, umeshinda,” Mwanakheri akasema. “Shusha sauti basi, karani si kiziwi.”

Akatia sahihi wake ufutwe.

Jana tulikuwa tukiutazama wangu, akanishika mkono.

“Hamdani, namkumbuka mama amekaa mkekani, anacheka mpaka anafuta machozi kwa leso. Alikuwa anacheka nini?”

Nilitamani sana kumjibu. Hoja zangu zote nilizikumbuka, neno kwa neno, lakini filamu nilizozishinda sikuzijua hata jina.