Anza na Hatarudi

"Atarudi, hatarudi, atarudi, hatarudi, atarudi."

Fundi cherehani aliidondosha petali ya mwisho mapajani, akatabasamu peke yake. Tangu mumewe aondoke bila kuaga, maua ya pale mlangoni hayakuwahi kumwambia vingine.

Mama yake alikuwa akimfungia begi. Shangazi alishamtafutia kazi mbali, kwenye karakana ya kushona sare, na gari lilikuwa linaondoka mchana uleule.

"Siendi, mama. Si umesikia mwenyewe? Atarudi."

Mama akaliacha begi, akatoka, akarudi na maua tele mikononi. Akayamwaga juu ya cherehani.

"Haya, hesabu petali."

Tano. Tano. Tano. Hata lile lililonyauka, tano.

"Ndivyo yanavyoota, mwanangu. Ukianza na atarudi, utamaliza na atarudi mpaka meno yakutoke. Baba yako nilimngoja hivihivi. Nilikuja kuzihesabu nimeshaota mvi."

Akamwekea ua bichi kiganjani.

"Leo anza na hatarudi."

Nje honi ikalia. Binti akaishika petali ya kwanza, laini, yenye ubaridi kidogo, akafungua mdomo.