Mkeka wa Katikati ya Madumu

Magari mawili yalishaondoka, na Mzee Ngwatu bado alikuwa amepiga magoti nyuma ya la tatu, akikaza pini ya tela. Tela hilo alilitengeneza mwenyewe kwa ajili ya safari hii ya jangwani, kusiko na barabara. Kundi lile la wasafiri lilikuwa na desturi: kila msafiri hufunga mzigo wake kwa kamba yake, na aliyefunga kamba amehesabiwa safarini. Kamba ya Ngwatu ilikuwa imefunga mkeka, katikati ya madumu ya maji.

Salome, dereva, alishuka kukagua. "Babu, huu mkeka wa nani?"

"Wangu."

"Kumbe na wewe unakuja?" Akawatazama wenzake ndani ya gari, wamebanana, wanacheka mambo yao. "Mbona hukusema? Tumeshajaa, babu yangu."

"Nilifunga kamba."

"Sisi tulidhani umeuweka madumu yasigongane."

Ngwatu alishika fundo, akaanza kulilegeza. Dumu la kwanza likayumba. Mkeka ungetoka, maji yangemwagika njiani, na huko hakuna mengine. Akalikaza tena.

"Ndiyo," alisema. "Ni wa madumu. Nendeni."

Walifika wote salama. Salome aliolewa na mmoja wao, wakahamia mbali. Tela liliuzwa huko huko, na mkeka ndani yake. Ngwatu aliendelea kutengeneza matela ya watu, na katika kila moja, katikati ya madumu, aliacha nafasi tupu yenye upana wa mkeka uliokunjwa.