Ganda Lenye Matundu Mawili

Mgeni alishuka garini na ndoo ya maganda ya risasi, akamwita baba yangu Verlin "Baba."

Alikuwa binti yake wa kabla ya mama yangu. Sikuwahi kuambiwa kwamba yupo.

Mchana huohuo alikuwa amekalia stuli ya baba bandani, ameshika mpini wa mashine ya kujazia risasi. Mimi miaka yote niliruhusiwa kuifuta vumbi tu.

"Tazama mkono wake, mwepesi kama wa mama yangu!" baba alisema. Kisha akanigeukia. "Maganda yake ni mchanganyiko. Yamulike ndani kabla hujampa. Sindano ya mashine imebaki hiyo moja. Ikivunjika, kazi imekwisha, aende zake mjini Boise. Niahidi, mwanangu."

"Nakuahidi."

Akaenda kuchemsha kahawa.

"Mbona umenuna, dada? Nimekukalia kiti?" mgeni alitania.

"Kalia tu. Wageni hupewa viti."

Nikamulika ganda jingine. Maganda yetu yana tundu moja katikati ya kitako. Sindano hupita hapo na kuisukuma nje fataki iliyotumika. Hili lilikuwa na matundu mawili madogo, yamekaa kama macho. Katikati yake ni shaba tupu; sindano ingegonga hapo na kuvunjika.

Nililishika hadi likapata joto la kiganja changu. Yeye alikuwa amenyoosha mkono bila kutazama, akisubiri.

Nikalitupa kwenye kopo la takataka. Nikachukua lenye tundu moja, nikaliweka kiganjani mwake.

"Vuta," nikasema. "Taratibu, dada."